Sura ya Tano: Kisa cha Aliyebaki

Msiba wa uswahilini una mpango wake, na hakuna anayehitaji kuelekezwa. Turubai linafungwa kuanzia ukuta wa nyumba hadi kwenye mwembe wa jirani, au linaziba mtaa mzima na bodaboda zitafute njia nyingine. Wanaume wako nje kwenye viti vya plastiki, wanawake wako ndani na uani kwenye majamvi. Karibu na mlango kuna meza ndogo, daftari la rambirambi na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Watani wanafanya vituko vyao. Mama mzazi ameegemea ukuta, dada zake wamemzunguka, na kila anayeingia anajua aende kwa nani, ashike mkono wa nani, ampe pole nani. Iwe Mbagala au Tandale, iwe Tandika au Mwananyamala, ramani haibadiliki sana.

Katika ramani hiyo kuna mtu mmoja asiye na mahali. Ana miaka kumi na sita au kumi na saba, amekuja na sare kwa sababu katokea shuleni moja kwa moja, na amekaa jirani na marehemu darasani tangu kidato cha kwanza. Huyu hapewi pole. Anapewa kazi: ashushe viti kwenye kirikuu, akachote maji, agawe sahani. Kiswahili kina neno mfiwa, lakini mfiwa ni mama, baba, ndugu, mume, mke. Rafiki hafiwi, rafiki amekuja kuhani, kama walivyokuja majirani na wanakikundi wenzake mama. Akilia sana, atasikia mtu mzima akimwambia ajikaze, mbona mama mwenyewe ametulia?

Na kama marehemu amejiua, hata hiyo nafasi ndogo inazidi kubanwa. Pale turubaini zinatembea habari mbili. Ya kwanza inasemwa kwa sauti: aliugua ghafla, ilikuwa presha, Mungu kampenda zaidi. Ya pili inanong'onwa kwenye foleni ya chakula. Rafiki anaijua ya pili, na pengine anajua na ya tatu, ile iliyoko kwenye simu yake, kwenye meseji za wiki mbili zilizopita ambazo amezisoma mpaka amezikariri. Hakuna anayemuuliza. Akiulizwa, swali ni moja tu: kisa nini?

Neno hili kisa linastahili kuangaliwa vizuri kabla ya kusonga mbele. Kwa Mswahili wa zamani, na hata wa leo akiwa ametulia, kisa ni hadithi: kina mwanzo, kina watu, kina mahali, na msimulizi hakubali kukatizwa. Kwenye vichwa vya habari na mitandaoni, kisa kimekuwa kiunganishi tu, chenye maana ya "kwa sababu ya". Mwanafunzi ajiua kisa matokeo. Binti ajiua kisa mpenzi. Kijana ajiua kisa deni. Muundo ni huohuo kila mara, linabadilika neno la mwisho tu, na msomaji aliyeko kwenye daladala ya kwenda Gongo la Mboto anamaliza habari nzima kabla kondakta hajamfikia.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani huwaasa waandishi wa habari wasifanye hivyo hasa: wasikibebeshe kifo cha aina hii sababu moja. Shirika hilo linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 727,000 walijiua duniani, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua kulikuwa chanzo cha tatu cha vifo. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na mambo mengi yaliyosukana: sonona ambayo haikupewa jina, maumivu ya nyumbani, pombe, fedheha, siku mbaya iliyoangukia juu ya mwaka mbaya. Neno moja baada ya "kisa" halitoshi. Hadithi ingetosha, au ingekaribia kutosha. Ndiyo maana mtu anayetafuta namna jamii inavyozungumza na kijana aliyefiwa na rafiki kwa njia hii hana budi kupita kwenye rafu ya riwaya.

Rafu ya Kiswahili haina upungufu wa watu waliojiua. Riwaya inayotajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyofungua ukurasa mpya wa riwaya ya Kiswahili, *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, inamfuata binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo na kufuli, akaachiwa ghafla katika dunia ambayo hakuna aliyemfundisha kuiishi, na mwisho wake ni kujiua. Miaka mitatu baadaye, katika *Kichwamaji*, Kezilahabi alimpa nafasi ya usimulizi Kazimoto, msomi wa chuo kikuu asiyeona maana ya kuishi, naye akamaliza vilevile. Vitabu hivi havikuandikwa kwa ajili ya soko la vijana, kwa sababu soko hilo lenyewe halikuwa na jina. Vijana ndio waliovisoma hata hivyo, vizazi kwa vizazi, wakiwa na kalamu mkononi na swali la mtihani kichwani.

*Rosa Mistika* ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Kilichowaudhi wakubwa ni habari za mapenzi, wavulana na mimba zilizotolewa. Kifo cha Rosa hakikuzua mgogoro. Kwa msomaji aliyezoea hadithi za maonyo, kifo kile kilionekana kama hesabu iliyojumlishwa sawasawa: binti kaharibikiwa, basi kafa. Kezilahabi alikuwa mjanja kuliko hivyo, na anayesoma kwa makini anaona kwamba kidole chake kinamwelekea zaidi Zakaria, baba mlevi mwenye mkono mwepesi, kuliko binti. Hata hivyo, kwa kijana wetu aliyebeba viti, riwaya hizi zina kasoro moja. Zinamfikisha msomaji hadi kaburini, kisha zinafunga. Wanaorudi nyumbani kutoka makaburini, wakaoga, wakalala, wakaamka kesho yake wakiwa na zamu ya kufagia darasa, hawana sura yao.

Mfano mzuri wa aliyebaki uko katika kitabu ambacho watu wengi wanakikumbuka kwa mambo mengine. Mwaka 1973 Clement Ndulute aliifasiri riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, *Things Fall Apart*, ikaitwa *Shujaa Okonkwo*. Mwalimu akiifundisha, atazungumzia ukoloni, viazi vikuu na mila za Waigbo. Lakini kurasa za mwisho ni za rafiki. Okonkwo amejiua, kwa mila ya kwao maiti yake ni najisi, na watu wa ukoo hawaruhusiwi kuigusa. Obierika, swahiba wake wa miaka yote, anasimama mbele ya Mkuu wa Wilaya Mzungu na kumwomba wageni wafanye kazi ambayo mikono yake mwenyewe imekatazwa. Kisha hasira inamjaa, anamgeukia Mzungu na kumwambia ni nani aliyemfikisha rafiki yake pale. Sauti inamkatika. Na hapo tarishi mmoja anamfokea anyamaze.

Msomaji akisimama kwenye tukio hilo, anaona msiba wa Temeke mzima mzima. Yuko rafiki anayejua zaidi ya wote. Iko mila inayomzuia kuaga anavyotaka. Yupo mtu asiyehusika anayemwambia afunge mdomo. Na yupo Mkuu wa Wilaya, ambaye njiani anawaza kwamba habari ya mtu huyu itafaa kitabu anachokiandika. Labda sura nzima, hapana, labda aya moja tu. Bwana yule alikuwa tayari na kichwa cha habari.

Achebe hakumfuata Obierika nyumbani. Hatujui alilala vipi usiku ule.

Mila inayozuia si ya Umuofia, kwao Okonkwo, peke yake, na haifai kuisimulia kana kwamba haijawahi kusogea. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya kanisa waliojiua kwa kukusudia. Ile ya mwaka 1983 ikaliondoa katazo hilo, na Katekisimu ya mwaka 1992 ikatamka kwamba mateso makubwa ya nafsi hupunguza wajibu wa mtu. Kwa upande wa Waislamu, kuna hadithi kwamba Mtume mwenyewe hakumsalia mtu aliyejiua, na wanazuoni wengi wakafahamu kuwa wengine wamsalie. Mitaani mabadiliko hayo yanafika kwa mwendo wa kobe. Sheria ya serikali nayo inaongeza hofu: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema jaribio la kujiua ni kosa. Nchini Kenya kifungu kinachofanana nacho, cha 226, kilitamkwa na Mahakama Kuu kuwa kinakiuka katiba, katika hukumu ya Jaji Lawrence Mugambi ya tarehe 9 Januari 2025. Mahali ambapo aliyenusurika anaweza kujikuta kituo cha polisi, si ajabu familia zikashikilia "aliugua ghafla" mpaka mwisho.

Turudi shuleni, maana huko ndiko kuna maandishi ambayo yangeweza kuwa msingi. Wanafunzi wengi waliosoma sekondari Tanzania katika miongo miwili iliyopita wanaijua tamthiliya ya *Orodha* ya Steve Reynolds, iliyochapishwa mwaka 2006. Haihusu kujiua, inahusu UKIMWI. Lakini umbo lake ni la ajabu kwa mada yetu. Binti anayeitwa Furaha amefariki na ameacha barua isomwe kwenye mazishi yake. Fununu zinasema barua ina orodha. Wanaume kadhaa wa kijiji, akiwemo padre, wanahangaika kuizuia isisomwe, kwa kuwa kila mmoja anaamini jina lake limo. Inaposomwa, majina hayamo. Yamo mambo ambayo yangemwokoa, kama vile ukweli, uwazi na elimu. Rafiki yake, Mary, aliyemwonjesha starehe za usiku, anasikiliza pamoja na wengine.

Mwaka mmoja baadaye, Marekani, Jay Asher alitoa *Thirteen Reasons Why*. Hannah Baker amejiua na ameacha kanda za kaseti, na kila aliyetajwa ndani yake lazima azisikilize, kisha ampelekee anayefuata. Clay Jensen, kijana aliyempenda, anazunguka mji usiku akiwa na sauti yake masikioni. Waandishi hawa wawili kila mmoja alimpa binti aliyekufa neno la mwisho mbele ya waliobaki. Tofauti yao ni kubwa kuliko kufanana kwao. Orodha ya Hannah ni ya majina: visa kumi na tatu, kwa maana ile ya magazetini. Orodha ya Furaha inakataa majina kwa makusudi, na wenye hatia wanabaki wamejianika wenyewe kwa hofu yao. Kwa ufundi wa jukwaa, na kwa huruma pia, Furaha amemshinda Hannah, ingawa Hannah ndiye aliyezunguka dunia.

Alizunguka kweli. Tamthilia ya Netflix ilianza kuonyeshwa tarehe 31 Machi 2017. Huku kwetu, ambako wengi hawalipii Netflix, vitu vya namna hiyo hufika kwa flashi: unakwenda kwenye kibanda cha muvi, iwe Manzese au Mbagala Rangi Tatu, unataja jina, kijana wa kompyuta anakujazia msimu mzima. Hakuna anayekuuliza umri. New Zealand, mwezi uliofuata, wakaguzi walitunga daraja jipya kabisa kwa ajili yake, kwamba aliye chini ya miaka 18 aitazame akiwa na mtu mzima. Julai 2019 Netflix yenyewe iliikata ile sehemu iliyokuwa ikionyesha kifo chenyewe, baada ya miaka miwili ya malalamiko ya madaktari. Flashi zilizokwisha kujazwa hazikukatwa kitu.

Hofu hii ya maandishi kuambukiza si ngeni. Goethe alipotoa *Die Leiden des jungen Werthers* mwaka 1774, jiji la Leipzig liliipiga marufuku mwaka uliofuata, na mwaka 1974 mtafiti David Phillips alipotaka jina la vifo vinavyofuata habari iliyotangazwa kwa kelele, alichukua la huyo Werther. Upande wa pili unatajwa mara chache. Mwaka 1987 jijini Vienna wahariri walikubaliana kubadili namna ya kuripoti vifo vya kwenye treni za chini ya ardhi, na vifo hivyo vikapungua sana. Mwaka 2010 Thomas Niederkrotenthaler na wenzake, wa Vienna vilevile, walionyesha kwamba habari za watu waliofika ukingoni kisha wakarudi huenda zikawalinda wasomaji. Waliiita athari ya Papageno, kwa jina la mwinda ndege wa opera ya Mozart ambaye vijana watatu wanamkumbusha kwamba kengele zake bado anazo.

Kwa mwandishi wa riwaya, hii si fatwa, ni habari njema za kiufundi. Anaambiwa asielezee namna, asipambe kifo, asikifanye kuwa jibu. Anabaki na nini? Anabaki na yote yanayofuata, ambayo ndiyo sehemu yenye utajiri.

Nina LaCour wa California aliiona mapema. Riwaya yake ya kwanza, *Hold Still*, ya mwaka 2009, inaanzia pale wengine wanapomalizia. Ingrid amekwisha kufa. Caitlin, shoga yake, anakuta daftari la Ingrid chini ya kitanda chake mwenyewe, na badala ya kulisoma usiku mmoja analisoma kidogo kidogo, kama mtu anayekula akiba ya mwisho. Mwaka wa shule unapita. Mwalimu wao wa upigaji picha anashindwa kumtazama usoni. Anakuja rafiki mpya, na kuja kwake ni aina nyingine ya usaliti. Caitlin anajikuta anajenga kijumba juu ya mti. Hakuna fumbo linalofumbuliwa wala mkosaji anayepatikana. Kwa msomaji wa riwaya za kijasusi za Elvis Musiba au Ben Mtobwa, hapa hakuna kinachotokea. Kwa aliyefiwa na rafiki, hapa kinatokea kila kitu.

Kitabu kama hicho cha Kiswahili kingetoka wapi? Si kwamba Dar es Salaam haina watu wa kukiandika. Mikocheni, Kinondoni, iko Soma, mkahawa wa vitabu wa akina Demere Kitunga, ambako wasomaji na waandishi wanakutana. Wako waandishi wa riwaya waliojikusanya katika UWARIDI. Fedha za fasihi ya vijana zilipokuja kwa wingi, hata hivyo, zilikuja kwa Kiingereza: Tuzo ya Burt, iliyofadhiliwa na Mkanada Bill Burt na kusimamiwa nchini na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ilidai miswada ya Kiingereza. Ilizaa vitabu vizuri. Lakini kijana wa Yombo anayelilia rafiki yake halii kwa Kiingereza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, imeuweka Kiswahili mbele, na pengine mlango uko hapo.

Mahali ambapo vijana wanasoma kweli ni kwingine kabisa, ni kwenye simulizi. Zamani zilikuwa kwenye magazeti ya Eric Shigongo, *Ijumaa*, *Uwazi*, *Amani*, zikikatwa wiki kwa wiki na neno "Itaendelea". Sasa ziko WhatsApp na Facebook; sehemu kadhaa za bure, kisha unatuma hela kwa simu upate zinazobaki. Biashara hii ina sheria yake: kila sehemu imalizike na mtu aliyeko hatarini, ili msomaji alipie. Majonzi hayana tabia hiyo. Majonzi hujirudia, huchosha, hupotea wiki nzima kisha yakakukuta dukani kwa Mpemba ukinunua sukari. Kuyaandika kwa sehemu, kwa wasomaji wasio na subira, kunahitaji fundi. Ila neno "itaendelea" lenyewe lingemfaa.

Fundi huyo asingekosa vifaa. Shule za Temeke zina upungufu wa viti na meza. Asubuhi ya tangazo mstarini, baada ya dakika moja ya kimya, meza ya marehemu inabaki tupu siku mbili, ya tatu imehamishiwa kidato cha pili kwa sababu inahitajika. Kuna jina ambalo mwalimu anaendelea kuliita kwenye daftari la mahudhurio kwa mazoea, na darasa zima linaangalia chini. Kuna mama wa marehemu anayemwita rafiki baada ya arobaini ampe shati, naye hajui alivae au alikunje. Kuna namba 116, simu ya bure ya mtoto inayoendeshwa na C-Sema, iliyochorwa kwenye ukuta ambao amekuwa akiupita miaka mitatu bila kuusoma. Na kuna benchi la kliniki ya afya ya akili pale hospitali ya rufaa ya Mwananyamala au Temeke, ambako mhusika anaweza kupelekwa na shangazi asiyeamini sana mambo hayo lakini akakaa naye foleni hadi mchana. Hiyo ndiyo Papageno ya kwetu, yenye kadi ya kijani na chenji ya nauli.

Na kuna simu. Namba ya marehemu imebaki kwenye grupu la darasa, hakuna admini mwenye moyo wa kuitoa. Rafiki anaitumia meseji usiku. Inaonyesha tiki moja. Miezi inapita, tiki moja. Lakini laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kuuzwa upya kwa mtu mwingine, na siku moja, akiwa kwenye mwendokasi ya kwenda Kimara, anaona picha imebadilika: mwanamke wa makamo mwenye kilemba, amesimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, anacheka. Meseji yake ya mwisho sasa ina tiki mbili. Dakika kumi baadaye namba hiyo inamjibu, kwa adabu, na kumuuliza yeye ni nani.